Picha ya mchoma maiti wa Banaras: niitundike au niiache?

mpigapicha_arusha

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na naomba tuongee kama watu wazima.

Mimi ni mpiga picha, makao yangu Arusha. Harusi na kipaimara ndivyo vinavyonilisha. Mwaka 2018 nilimsindikiza mama Delhi kufanyiwa upasuaji wa moyo. Alipoanza kupata nafuu na dada yangu akafika kunipokea zamu, nikapanda treni ya usiku kwenda Varanasi, mji ambao wenyeji wanauita Banaras. Tangu hapo nimerudi India mara tatu kwa fedha yangu mwenyewe. Sasa kuna ukumbi hapa mjini umenipa ukuta kwa wiki mbili. Picha 24 ziko tayari, na kati ya hizo moja inaninyima usingizi.

Kwanza mjue ninavyopiga. Wapiga picha wengi wakifika India wanaanza kunong'ona. Ng'ombe akipita ni fumbo, mzee mwenye ndevu akikaa chini ni mtakatifu, hata moshi wa jiko unageuzwa roho. Mimi hayo siyawezi. Nimelelewa Kilutheri, na hata nyumbani sijawahi kuinamia jambo eti kwa sababu mababu walilifanya. Mto Ganga wanauita mama. Nimesimama alfajiri nikamwona baba mmoja anajaza chombo cha shaba, anakiinua kuelekea jua, anakunywa, na hatua kumi juu yake bomba la maji machafu linamimina mtoni. Serikali yao ilianza mpango wa kuusafisha mto huo mwaka 1986. Nilipiga picha moja yenye vyote viwili, baba na bomba. Mwenye mashua aliyenibeba alikasirika, akasema nimemtukana mama yake. Nikamjibu kwamba aliyemtukana ni yule aliyefunga bomba. Hatukusemeshana mpaka tukafika ngazi za Assi, lakini kesho yake alinichukua tena.

Sasa hiyo picha yenyewe. Pale Manikarnika, kwenye ngazi za kando ya mto, ndipo maiti zinapochomwa mchana na usiku. Kuni zimepangwa juu kama kuta za nyumba, na mizani mikubwa ya chuma inapima kila gogo, maana kuni zinauzwa kwa uzito. Mwembe ndio rahisi. Msandali ni wa wenye nazo, na wengine hununua kipande kidogo tu au unga wake wautupie juu. Maiti inakuja juu ya machela ya mianzi, imefunikwa kitambaa chenye kung'aa, wabebaji wakiimba jina la mungu wao Ram. Inatumbukizwa mtoni mara moja, kisha inalazwa juu ya kuni. Mtoto mkubwa wa kiume amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeupe. Yeye ndiye anayewasha. Mwisho kabisa anasimama ameupa moto mgongo, anarusha chungu cha maji juu ya bega lake, anaondoka bila kugeuka.

Moto ule hauwashwi kwa kiberiti. Unachukuliwa kwa Wadom, watu wa tabaka la chini kabisa, na wao wanasema moto wao haujazimika tangu enzi na enzi. Brahmini, mtu wa tabaka la juu kabisa, anaamini kwamba akichomewa Banaras amefunguliwa, hatazaliwa tena. Anafunguliwa kwa mikono ya Mdom, na kwa karne nyingi Brahmini huyo huyo, akiwa hai, hakukubali hata kivuli cha Mdom kimguse. Katiba ya India ilifuta habari ya watu wasioguswa mwaka 1950, kifungu cha 17. Nimekaa pale siku tisa, na niliyoyaona hayajafutika.

Nilifahamiana na mmoja wao, mtu wa miaka hamsini hivi. Mikono yake haina hata unywele mmoja mpaka kwenye kiwiko, moto umekula wote. Kucha za kulia ni nyeusi, na kidole gumba kina kovu linalong'aa kama plastiki iliyoyeyuka. Siku ya saba aliniita. Mtoto wa mwenye mashua akatafsiri. Alisema: wageni wote wanakuja kupiga moto, mimi ndiye ninayeuchochea na hakuna aliyewahi kuniuliza jina langu. Nipige. Uso uonekane.

Nikampiga. Amechuchumaa, ameshika kikombe cha udongo cha chai, aina ile ya kunywa mara moja na kuvunja, na mwanzi wa kugeuzia kuni umeegemea bega lake. Anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Lakini nyuma yake, upande wa kushoto, kuna kuni zinazowaka, na nyayo mbili za mtu zimetokeza. Familia ya huyo marehemu ilikuwa ngazi tano juu yetu, wamekwepa moshi. Pale kupiga picha za maiti ni marufuku na nilijua. Mdom aliniruhusu, wenye maiti sikuwaomba.

Niitundike au niiache?

---

mtoto_wa_ilala

Tundika, mkuu. Mwenye uso wake amesema uonekane. Yule marehemu hakuna atakayemtambua kwa nyayo, na tangu siku ile ni majivu. Ukiificha umewasaidia wale wale wasiotaka Mdom aonekane.

Hao jamaa wa kuni je, hawakukusumbua? Mjomba alikwenda huko akaambiwa achangie kuni za maskini wanaosubiri kufa.

---

mpigapicha_arusha

Walinipata siku ya kwanza. Alikuja kijana, akasema anahudumia wazee wasio na ndugu, akanionyesha jengo, nikatoa rupia 2,000. Jioni nilimkuta anamweleza Mjapani maneno yale yale, jengo tofauti. Iliniuma kwa sababu wazee hao wapo kweli. Ukitaka kutoa, nunua kuni pale kwenye mizani mwenyewe uwape wafiwa mkononi.

---

binti_upanga

Kaka, mimi ni Mhindu, Mgujarati, nimezaliwa Dar na wazazi wangu wamezaliwa Dar. Nimesoma maneno yako mara mbili. Ya bomba na ya Wadom siyabishi, na nashukuru umeyasema bila kuzungukazunguka, maana kwetu mezani hayasemwi.

Ila kuna kitu hukukiona kwa sababu hukuwa umefiwa. Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita. Hana mtoto wa kiume, tuko mabinti wawili. Wazee wa jamaa wakasema atafutwe binamu awashe moto, na sisi tubaki nyumbani na wanawake. Dada yangu aliingia chumbani, akatoka amevaa nyeupe, akasema gari linaondoka saa tisa. Tuliwasha sisi. Mikono ilitutetemeka, lakini tuliwasha sisi. Kwa hiyo usidhani mila hii inapingwa na wageni wenye kamera peke yao.

Nusu ya majivu tulimwaga baharini hapa hapa. Nusu nyingine tuliipeleka India, Haridwar, mji mwingine mtakatifu kando ya Ganga. Kule kuna makuhani ambao kazi yao ni kutunza daftari za familia, ndefu na nyembamba, zimekunjwa na kufungwa kwa kamba. Unamwambia kijiji cha asili na jina la ukoo, anatafuta. Alikaa kama dakika ishirini, akatufungulia ukurasa: mwandiko wa babu yetu, wino umefifia, alipokuja na majivu ya baba yake. Mbele ya jina lake babu ameandika kwamba amekuja kutoka Afrika. Dada alilia pale chini kama mtoto. Kuhani akataka kuandika jina la binamu kama mrithi. Tulikataa, tukakaa, hatukuondoka mpaka alipoandika ya kwetu.

Sasa niambie. Wewe ungekuwa na picha ya nyayo za baba yangu ukutani Arusha, watu wanapita na glasi za juisi wanaangalia mwanga na kivuli, mimi ningejisikiaje? Mtoto wa ilala anasema hakuna atakayezitambua. Mimi nilizikanda nyayo za baba kwa mafuta ya nazi miezi minne. Ningezitambua.

---

mzee_wa_studio

Wanangu, hamjambo. Niliendesha studio Tanga tangu enzi za filamu mpaka mashine za kusafishia zilipokosa vipuri.

Nimepiga mazishi mengi, ya Wakristo hasa, wakitaka picha ya mwisho jeneza likiwa wazi. Sharti langu lilikuwa moja: nakuja nikiitwa na mwenye msiba. Na nyayo sikuzipiga hata siku moja. Niliyemrithi kazi alinifundisha kufunika miguu kwanza kwa kanga, ndipo nishike kamera. Sikumwuliza kwa nini. Nilielewa siku nilipompiga mama yangu.

Mpiga picha, picha yako siidharau. Lakini jaribu kuikata upande wa kushoto, kisha utuambie imebaki nini.

---

aliyesoma_pune

Nimesoma Pune miaka minne. Naunga mkono kusema wazi, maana Waswahili tunaogopa kusema lolote kuhusu India kwa sababu tunakwenda huko kutibiwa na kusoma. Mimi nilikataliwa nyumba saba kwa rangi yangu. Mwaka 2016 dada yetu Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru akavuliwa nguo barabarani, kwa kosa la ajali aliyoifanya mtu mwingine asiyemjua. Nchi yenye miungu wengi kiasi kile ilinishangaza kwa jinsi inavyopima ngozi.

Pia nilikuwa na jirani mwenye nyumba aliyenipikia kila Jumapili mpaka namaliza. Nasema yote mawili kwa sababu yote yalinipata.

Kaka, kati ya picha 24 kuna yoyote ya Wasidi?

---

mpigapicha_arusha

Zipo tano, na nimefurahi umeuliza.

Nilikwenda Jambur, Gujarat, si mbali na mbuga ya Gir yenye simba wa Asia. Karibu kijiji kizima ni Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka huku kwetu Afrika, wengi wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Wanaongea Kigujarati, ni Waislamu, na nyuso zao ningezikuta Pangani. Mama mmoja alinishika shavu akasema kitu, kijana wake akatafsiri: umechelewa.

Ngoma yao wanaiita goma. Wana ngoma ndogo ya kuning'iniza shingoni inaitwa musindo. Nilipoisikia nilikaa chini. Walinipeleka kwenye kaburi la walii wao, Nagarchi Pir, na nikakuta Wahindu nao wamekuja kuomba, wamevua viatu pamoja na wenye kijiji. Baadaye vijana wanakodiwa na hoteli za watalii wavae manyoya na kuvunja nazi kwa kichwa. Picha ya vijana hao nyuma ya hoteli, wanavua manyoya na kuvaa mashati yao ya kawaida, itakuwa ukutani. Waliniruhusu wote wanne, na nilipowaonyesha kwenye kioo cha kamera, wakachagua wenyewe ipi.

Vrindavan nitawagusia tu. Kule wanaishi wajane kwa maelfu, wengi wamefika baada ya kufukuzwa au kuchokwa na familia. Mila ilimtaka mjane avae nyeupe asiguse rangi. Tangu mwaka 2013 wanacheza Holi, sikukuu ya rangi, wanarushiana unga mwekundu na wa manjano. Nimempiga bibi mmoja ana unga mpaka kwenye kope. Ukutani itakuwepo, kubwa.

Binti upanga, dada yangu, sikujibu jana kwa sababu nilikosa la kusema. Nimeandika kwamba wageni hawakumwuliza yule Mdom jina lake, nami sikumwuliza mtu yeyote jina la mwenye zile nyayo. Mila zinazowaumiza watu nitaendelea kuzipiga picha bila kunong'ona. Lakini yule marehemu hakuwa mila. Alikuwa baba au mama wa wale waliosimama ngazi tano juu.

Mzee, shikamoo. Nimeikata kama ulivyosema. Kushoto kumeondoka, kumebaki mtu anakunywa chai. Angeweza kuwa fundi baiskeli. Nimejaribu kuacha mwanga wa moto peke yake kwenye shavu lake, hautoshi. Kwa hiyo hiyo haitundikwi, kamili wala iliyokatwa.

Nimerudi kwenye faili za siku ile. Kabla hajakaa vizuri nilipiga moja ya kupima mwanga: mikono yake miwili imezunguka kikombe, mpaka kwenye viwiko, na ncha ya mwanzi imeungua. Hakuna mtu mwingine. Kovu la kidole gumba linaonekana vizuri. Hiyo inaingia, na chini yake litaandikwa jina lake, kwa sababu jina ndilo alilolidai.

---

binti_upanga

Hiyo nitakuja kuiona. Niambie tarehe.

Ile nyingine utaifanya nini?

---

mpigapicha_arusha

Nimeitoa nakala moja, sentimeta 20 kwa 30, ni ya yule Mdom mwenyewe. Jirani yetu anampeleka mumewe Delhi mwezi ujao. Kutoka hapo mtoto wa mwenye mashua ataifuata kwa treni, nimeshamtumia nauli. Anasema mzee anamwuliza kila wiki kama imefika.