Mzigo ukichelewa, muuzaji arudishe pesa kidogo au mteja avumilie?

Mwenye hoja, Kisumu: Nilinunua sindano ya gramafoni mtandaoni. Marehemu baba aliniachia santuri za D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, na zimekaa kabatini bure. Muuzaji wa Nairobi akasema siku mbili. Nikatuma pesa zote, tena na ya kutolea. Leo ni siku ya 19. Nikipiga simu, jibu ni lile lile: "Mzigo uko njiani." Njia gani hiyo? Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 350, basi la usiku linafika alfajiri.

Nasema hivi: siku aliyoniahidi ni sehemu ya bei. Akiipitisha kimya, anirudishie angalau nauli ya mzigo.

Kondele: Pole, lakini hapo ulijiponza. Mimi nafungua mzigo palepale ofisi ya basi, nageuza huku na huku, ndipo natoa simu nilipe.

Ahero: Kondele, wewe hujawahi kuuza. Mimi nilituma viatu jozi tatu Busia, mteja "atalipa akipokea". Simu ikazimwa. Viatu vikarudi, nauli ya kwenda na kurudi ikawa yangu. Halafu sisi wenyewe, harusi ya saa nne tunafika saa saba. Kwa nini faini iwe ya muuzaji peke yake?

Mwenye hoja: Ya harusi umenipata, ingawa huko nako tulichanga. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Kuchelewa siku 17 si kasoro?

Nakuru: Ukilishinda hilo, niite. Nilipewa miadi ya jino saa tatu asubuhi, nikaingia saa saba na shavu limefura. Ningechelewa mimi nusu saa, nafasi ingepewa mwingine. Hiyo ndiyo inaniuma, saa inahesabiwa upande mmoja.

Mzee wa Kibos: Vijana mna haraka. Sisi tulimwagiza mtu anayekwenda Nairobi atupitie River Road, santuri ikaja aliporudi. Ikifika, wimbo umekatwa nusu mbili, ugeuze upande wa pili ndipo uzisikie gita zikishika moto. Hatukumdai mtu fidia.

Mwenye hoja: Mzee, shikamoo. Huyo wenu aliwaambia siku?

Mzee wa Kibos: Marahaba. Hakusema. Alisema "nikirudi".

Mwenye hoja: Basi hakuchelewa. Wangu alisema Jumatano.

Ahero: Na basi likiharibika Salgaa usiku, mimi niko dukani sijui lolote, bado unanidai?

Mwenye hoja: Ukijua, nipigie kabla sijakupigia. Hapo sidai hata shilingi.