Tupeane uzoefu: ukitozwa ada ya kuingia tao na gari lako, utalipa?

mkaaji_kahawa (mwanzilishi)
Wadau, salamu. Kazini kwetu kuna mjadala ambao hauishi: je, wenye magari watozwe ada ya kuingia tao, yaani katikati ya jiji la Nairobi? Si ya kuegesha, ni ya kuingia tu. Wengi hupandwa na hasira kabla hujamaliza kueleza, na mimi ni mmoja wao. Naomba kila mtu aseme anatoka wapi, anatumia nini, inamgharimu pesa ngapi, na kama kuna siku iliyombadilisha mawazo.

Naanza mimi. Naishi Kahawa West, kazi iko karibu na Kenyatta Avenue. Natoka getini saa kumi na moja na nusu. Thika Road inakimbia vizuri hadi Pangani, kisha magari yote yale yaliyokuwa yametanda kwenye barabara pana yanaanza kusukumana kuingia njia nyembamba. Tukifika Ngara nazima injini. Mwanangu wa gredi ya pili huwa amelala kiti cha nyuma na sare yake, soksi moja mguuni, nyingine ameishika mkononi. Namvalisha ile ya pili tukiwa tumesimama. Mwaka wa pili huu namchana nywele na kumnywesha uji palepale Ngara, nikiangalia taa za breki za mbele zisije zikazimika nikapigiwa honi.

Kuegesha ni shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 6,600, petroli bado. Kwa hiyo nikisikia ada nyingine moyo unakataa kabisa. Lakini pia huwa natazama kushoto na kulia pale Ngara, na gari baada ya gari naona kichwa kimoja tu. Hata langu, nikishamshusha mtoto, ni mimi na mkoba.

fundi_wa_kariobangi
Dada, wewe unaingia mara moja unatulia. Mimi nina gereji ndogo, na vipuri vyangu viko Kirinyaga Road. Mteja analeta Probox, nafungua, nakuta bushi zimeisha, naenda tao. Narudi, nikifunga naona na maunti ya injini imepasuka, naenda tena. Siku nyingine nimeingia mara tatu. Nitalipa kwa siku au kwa kila safari? Mteja wangu hatakubali niongeze hiyo kwenye bili, atahamia kwa fundi mwingine.

Halafu tusisahau kwamba tunalipa tayari. Kila lita ya mafuta ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara, zilipanda kutoka 18 Julai 2024. Ukikaa foleni saa nzima unachoma mafuta, na hiyo 25 inakatwa juu ya kila lita unayoichoma ukiwa umesimama. Foleni tayari ina ada yake. Niambieni kwanza hizi zinafanya nini, ndipo tuongee za pili.

mama_pacha
Mimi sina gari. Nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu sisi ndio wengi na kwenye mjadala huu hatuulizwi.

Desemba 3, 2018, siku ambayo matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, pacha. Natoka Umoja, kazi iko Upper Hill. Gari likatuacha Muthurwa, makanga akasema hapa ndio mwisho, shukeni. Tukashika Haile Selassie kwa miguu, watu wamejaa barabara nzima. Mbele yangu kulikuwa na mama wa makamo amebeba karai la maandazi kichwani. Alipofika karibu na stesheni ya treni ya Railways alivua viatu, akavishika mkono mmoja, mkono wa pili bado uko kwenye karai, akaendelea na soksi tu. Nilimfuata kwa sababu hatua zake zilikuwa polepole kama zangu. Nilipofika kazini miguu ilikuwa imevimba hadi siwezi kuona vifundo.

Na huku tunatembea, magari madogo yalikuwa yanaingia kama kawaida. Mtu mmoja na redio yake. Sisi abiria 33 wa gari moja ndio tulioambiwa tunaziba jiji.

Haikuchukua muda marufuku ikasimamishwa, kwa sababu watu walilia. Lakini sijasahau kwamba siku ile aliyeguswa kwanza ni anayepanda matatu. Kwa hiyo mkiniuliza kuhusu ada ya magari ya kibinafsi, nasema itozwe, na itozwe kesho. Ila matatu zisiguswe. Ukitoza matatu umenitoza mimi, makanga ataongeza nauli siku hiyohiyo hata mvua haijanyesha.

fundi_wa_kariobangi
Mama pacha, pole sana. Hilo la 33 kwa mmoja sina jibu lake.

aliyesoma_ughaibuni
Nitajibu swali la fundi kwa nilichokiona. Nilikuwa mwanafunzi Stockholm, Uswidi, walipoanza jambo hili. Kule hutozwa kila unapopita mpaka wa eneo, kuingia na kutoka, lakini kuna kiwango cha juu cha siku. Ukishakifikia, safari zinazobaki siku hiyo hazikuongezei kitu. London wao walichagua ada moja ya siku nzima tangu Februari 2003, ilianza na pauni 5. Kwa mtu wa vipuri hiyo ya London ni nafuu. Nambari ya gari inasomwa na kamera, hakuna kizuizi wala mtu wa kukusimamisha.

Lakini kilichonikaa akilini ni watu wenyewe. Mwenye nyumba wangu alikuwa anaipinga kila asubuhi akinywa kahawa. Na hakuwa peke yake, wakazi wengi wa jiji walikuwa wanapinga. Serikali ikasema tutajaribu tu, Januari hadi mwisho wa Julai 2006, halafu mtapiga kura. Na kabla ya kutoza hata senti, tangu Agosti 2005, waliongeza mabasi. Ada ilipoanza, magari yaliyokuwa yakiingia yalipungua kwa karibu moja kwa tano. Nilikuwa napanda basi lilelile kila siku, na dereva alianza kusubiri vituoni kwa sababu anafika kabla ya wakati wake.

Majaribio yakaisha, ada ikaondolewa, na magari yakarudi. Nafikiri hapo ndipo yule mzee aligeuka. Alikuwa ameonja. Septemba wakapiga kura, wakazi wa jiji wakaikubali kwa tofauti ndogo, ikawa ya kudumu Agosti 2007.

Nisiwadanganye kwamba kila mahali ilienda hivyo. Edinburgh waliulizwa 2005 kabla ya kuonja chochote, wakakataa kwa karibu robo tatu ya kura, ikaishia hapo.

wa_syokimau
Mimi niliacha gari kwenye stesheni ya Syokimau bila kulazimishwa na ada yoyote. Napanda treni ya asubuhi, nashuka Railways, natembea. Nikijua nitatoka kazini usiku ndipo nakuja na gari, kwa sababu treni haitaningoja. Wakati mwingine napita Nairobi Expressway na nalipa. Hailipiwi kwa furaha, lakini chini yake kuna Mombasa Road ya bure, nachagua mwenyewe. Ada ya tao haina barabara ya chini. Kwa hiyo treni na basi ndizo ziwe barabara ya chini. Zikikosekana, hiyo si ada ya foleni, ni kodi ya kwenda kazini.

binti_wa_mzee
Nampeleka baba kliniki ya macho mjini kila mwezi. Hawezi kupanda matatu, ngazi ile ya kwanza inamshinda. Wanaotunga hizi sheria wakumbuke wagonjwa na walemavu tangu siku ya kwanza, isiwe ni jambo la kuombewa baadaye kwenye dirisha la ofisi.

mkaaji_kahawa (mwanzilishi)
Nimesoma yote mara mbili. Mama pacha, siku ile ya 2018 mimi nilikuwa ndani ya gari Haile Selassie, naelekea kwenye mkutano eneo la Community. Nakumbuka nilifurahi kwamba leo barabara ni nyeupe. Sikuwaza kabisa waliokuwa pembeni wanatembea. Nakuomba radhi.

Msimamo wangu umesogea. Nitalipa, ila kwa mpango aliousema ndugu wa Stockholm: basi na treni zije kwanza, tujaribu kwa muda unaojulikana, tuone hesabu ya pesa zilizokusanywa, halafu tuulizwe. Bila hivyo niko na fundi.

Na kwa kuwa nimewauliza nyinyi mnatumia nini, Jumatatu naliacha gari nyumbani. Treni ya Ruiru inapita Kahawa. Mtoto atalazimika kuvaa soksi zote mbili nyumbani. Nitaandika hapa tumefika saa ngapi.