Naomba ushauri: kijana wangu ameacha Misa

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa. Kijana wangu amepiga kinanda kwenye kwaya yetu miaka sita. Tangu ijulikane kuwa ni shoga, watu wanamkwepa. Jumapili ya mwisho aliyokwenda, wakati wa kutakiana amani, mkono wake ulibaki hewani. Nililia pale pale.

Sidai baraka za wapenzi wa jinsia moja. Najua maaskofu wa Afrika walizikataa Januari 2024, baada ya tamko la Roma la Desemba 2023 lililoziruhusu nje ya ibada rasmi. Lakini Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2358, inataka watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma.

Nianzie kwa paroko, au kwa mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ana mdomo? Usalama wa kijana wangu unaninyima usingizi. Aliyepitia haya anisaidie.