Basketball GM: nimuuze nyota wangu wa miaka 31, au nizame naye?

Mwenye uzi

Wakuu, salaam. Niko msimu wa 13 wa Basketball GM, gemu la kompyuta la kuendesha timu ya kikapu, na timu ile ile niliyoanza nayo, na sasa nahitaji macho ya watu wengine.

Kwenye drafti yangu ya kwanza, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, dhaifu zikitangulia, nilimchagua kijana wa miaka 19 ambaye timu 11 zilikuwa zimempita. Nikamlea, akapanda hadi alama 77 za uwezo, akanipa ubingwa msimu wa 7 na wa 9. Miaka miwili iliyopita nilimpa mkataba wa miaka mitano kwa mshahara wa juu kabisa, na wenzake wawili wa enzi zile za ubingwa nikawaongezea pia. Leo yeye ana 31 na ameshuka hadi 73. Wenzake wana 32 na 34, wanaporomoka kila mwaka. Tumeshinda mechi 22, tumefungwa 31. Mishahara imevuka mstari wa kodi, kiwango ambacho juu yake timu hutozwa faini, mmiliki amenuna, na ili kubana matumizi nilikata bajeti ya makocha.

Timu inayoongoza ligi inamtaka. Inatoa machaguo yake mawili ya raundi ya kwanza ya drafti, la mwaka huu na la mwakani, pamoja na kijana wa miaka 20. Nimefika kwenye kitufe cha kukubali mara tatu, mara zote nikarudi nyuma. Nifanyeje?

Kikapu_Damu

Usimuuze. Gemu hili hupima nguvu ya timu kwa wachezaji kumi bora, na wa kwanza ana uzito kuliko wa pili, wa pili kuliko wa tatu, hivyo hivyo hadi wa kumi. Ukimtoa mwenye 73 ukaleta watatu wenye 55, utakuwa na benchi nzuri na timu dhaifu. Mzigo wako ni wale wazee wawili.

Mpiga_Tatu

Mkuu Kikapu_Damu, kwa leo uko sahihi. Mwakani je? Baada ya miaka 30 kila msimu ni kamari, na timu za kompyuta hushusha thamani ya mchezaji kadiri umri unavyosogea, hata akiwa bado anafunga. Huyu leo ana mnunuzi. Akifika 33 na alama 67, mkataba wake utakuwepo ila mnunuzi hatakuwepo.

Lakini dau hilo likatae! Timu inayoongoza ligi huchagua mwishoni, namba 29 au 30, na huko vijana wa maana ni wachache sana. Kabla ya kuhesabu machaguo, uliza ni ya nani na ya mwaka gani. Kwenye NBA halisi, mwaka 2013 Brooklyn Nets waliwachukua nyota Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston Celtics, wote wazee, wakatoa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana la 2017. La 2014 halikuwa kitu kikubwa. Nets walipoporomoka, la 2016 likawa namba 3, Boston wakampata Jaylen Brown. La 2017 likawa namba 1, wakalibadilisha kwa namba 3 na kumchukua Jayson Tatum. Kwa hiyo tazama umri wa nyota wa timu hiyo. Kama wamezeeka, dai chaguo lao la baada ya miaka mitatu. Na kama wanashikilia chaguo la timu mbovu, dai hilo kwanza.

Usivutwe pia na wazo la kushika mkia makusudi. Kwenye bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza kwenye drafti, timu tatu za mwisho zina nafasi sawa ya namba 1, asilimia 14 kila moja.

Hesabu_Kwanza

Mimi naogopa zaidi kibarua chako. Mmiliki hupima ushindi, mtoano na fedha, na sifa za ubingwa wa zamani hufifia mwaka hadi mwaka. Kila dola 1 juu ya mstari unalipia kodi dola 1.5, na hesabu hupigwa mtoano ukiisha. Bado una muda.

Usimwachishe kazi mzee yeyote, maana mshahara wake utaendelea kuhesabiwa hadi mkataba uishe. Tafuta timu yenye nafasi chini ya ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu ikiivuka hubanwa kwenye usajili, uipe mzee na chaguo la raundi ya pili. Kwa nyota, kama mnunuzi yuko juu ya ukomo hawezi kupokea mishahara mikubwa kuliko anayotoa, kwa hiyo atakurudishia wachezaji wa kati. Chukua wale ambao mikataba yao inaisha msimu huu.

Na rudisha pesa za makocha leo hii. Unataka kulea vijana bila walimu?

Mwenye uzi

Nimefanya. Mzee wa 34 ameondoka na chaguo la raundi ya pili, na tuko chini ya mstari wa kodi. Timu ile ilikuwa na chaguo la mwaka huu la timu inayoshika mkia. Waligoma kunipa hilo pamoja na kijana, nikamwacha kijana. Kwa nyota wangu nimepata chaguo hilo, chaguo lao wenyewe la baada ya miaka mitatu, na wachezaji wawili wanaomaliza mikataba. Bajeti ya makocha nimeirudisha.

Kikapu_Damu, jana tumefungwa kwa pointi 31, ulisema kweli. Nyota wangu wa zamani amefunga 28 huko alikokwenda. Nilikaa nikaisoma takwimu ya mechi yao yote kabla ya kufungua ya kwangu.