Shisha ya nyumbani: mchanganyiko wangu wa embe na iliki umechacha, nimekosea wapi?

Mswahili wa Bremen

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na huu ni mwaka wangu wa sita kuishi Bremen, Ujerumani. Tangu Januari 2022 tumbaku ya shisha hapa imeongezewa kodi ya ziada, na kuanzia Julai mwaka huohuo iliamriwa iuzwe katika vifurushi visivyozidi gramu 25 tu, kiasi kinachotosha kichwa kimoja, yaani kile kibakuli cha tumbaku juu ya shisha, na kubakiza kidogo kisichofaa kitu. Ndiyo maana wengi hapa hununua tumbaku kavu iliyokatwa, yenye stempu ya kodi, kisha wakaimalizia wenyewe nyumbani kwa asali, gliserini na ladha. Nami nimejaribu, nimeharibu.

Nilichukua tumbaku kavu gramu 100, asali gramu 200, juisi ya embe niliyosaga mwenyewe mililita 150, gliserini gramu 50, pamoja na punje kumi za iliki nilizozitwanga kinuni. Nilichanganya vyote, nikavitia katika chupa ya kioo, nikaifunga na kuiweka kabatini. Siku ya nne kifuniko kilikuwa kimetuna, na nilipokifungua kikatoa mlio na harufu ya tembo la mnazi lililolala. Kwa kuwa asali ilinigharimu, sikuwa na moyo wa kuimwaga. Niliipasha moto jikoni, nikajaza kichwa, nikawasha. Kwa muda wa dakika kumi hatukupata moshi wa maana, halafu ghafla ukaja moshi mkavu na mchungu unaokwaruza koo, na tulipofunua foili tukakuta juu kumefanya lami nyeusi ilhali chini kungali majimaji.

Naomba kujua chanzo cha kuchacha na cha huo uchungu, na kama ni lazima tumbaku ioshwe kwanza. Pia ninayo chupa ndogo ya mafuta ya karafuu kutoka nyumbani, na ningependa kujua kama matone machache yanafaa kutiwa.

Mzee wa Ruwi

Waalaykum salaam, mwanangu. Tumbaku hii kwa Kiarabu huitwa muassal, yaani iliyotiwa asali, na asali hiyo ndiyo neno lilelile tunalolitumia sisi kila siku. Wazee wetu waliovuta buruma, kile kiko cha maji cha zamani, hawakuijua. Wao walitumia tumbaku kavu iliyoroweshwa kwa maji na kukamuliwa, na kaa la moto likawekwa juu yake bila kizuizi chochote. Hii ya asali na ladha za matunda ni kazi ya Wamisri, nayo ilienea sana kuanzia miaka ya 1990. Nayasema haya kwa sababu tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu la swali lako: ile ya zamani ilihitaji maji, hii ya asali inaharibiwa na maji.

Hebu tupige hesabu. Asali nzuri huwa na maji chini ya asilimia 20, na kwa sababu hiyo hukaa miaka bila kuchacha, kwani hamira ya asili iliyomo ndani yake haina maji ya kutosha kufanya kazi. Juisi ya embe ni maji zaidi ya asilimia 80. Ulipotia mililita 150 za juisi katika gramu 200 za asali na gramu 50 za gliserini, ulipata kioevu ambacho takriban asilimia 40 yake ni maji, chenye sukari tele, ukakifunga kabatini. Hapo hukutengeneza muassal, ulitengeneza pombe, na chupa ilikuwa karibu kukupasukia usoni.

Uchungu nao unatoka hukohuko. Maji yote yanapaswa kukauka kwanza ndipo joto la kuufanya moshi lipatikane, na kwa dakika hizo kumi ulizongoja bila shaka uliongeza mkaa. Maji ya juu yalipoisha, sukari ya embe na vumbi la iliki vikaungua kabla gliserini haijatoa mvuke wake, maana huo mnaouita moshi mweupe kwa sehemu kubwa ni mvuke wa gliserini. Uliitia kidogo mno, ukaipa asali kazi ambayo si yake.

Mimi hutumia vipimo hivi: tumbaku gramu 100, asali gramu 120, gliserini gramu 180, na ladha isiyozidi mililita 15. Usipike asali; iweke chupa yake katika maji ya moto yanayovumilika mkononi mpaka ilegee. Tia gliserini kwanza, ifanyie tumbaku kazi kwa vidole mpaka kila uzi ung'ae, iache usiku mzima, ndipo asali ifuate kesho yake. Baada ya hapo funga na usubiri wiki mbili, ukigeuza chupa kila siku mbili au tatu.

Kwa iliki, pasua maganda kumi, usiyatwange, uyatie katika gliserini gramu 100, na chupa hiyo uikalishe ndani ya sufuria ya maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 70 kwa saa tatu. Kisha chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Gliserini hubeba harufu ya iliki vizuri sana, na hakuna chembe inayobaki ya kuungua. Embe huwezi kulipata kwa njia hiyo; nunua ladha ya chakula.

Tumbaku yenyewe ioshe kwa maji yanayochemka, mara tatu, mpaka maji yatoke na rangi ya chai ya rangi.

Binti Urambo

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu maji, lakini kuhusu kuosha mara tatu kwa maji yanayochemka naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa kuwa nimekulia katika mashamba ya tumbaku mkoani Tabora na jani hili ninalijua kabla halijafika dukani.

Kila jani lina tabia yake. Kwetu hulimwa zaidi tumbaku ya mvuke, yaani Virginia, inayokaushwa katika bani, yaani banda la kukaushia, kwa hewa ya moto isiyochanganyika na moshi. Jani lake hutoka la njano na lina sukari yake lenyewe. Tumbaku ya hewa, yaani Burley, hukauka taratibu kivulini, hubaki na sukari kidogo sana, lakini hunyonya ladha kama sifongo. Ipo pia tumbaku ya moshi, inayolimwa Ruvuma, pande za Namtumbo, na hiyo usiiguse kwa shisha ya embe, kwa sababu harufu ya kuni imekwisha kuingia ndani ya jani na hakuna kiasi cha asali kitakachoiondoa.

Sasa ukilichemsha jani la mvuke mara tatu, unaondoa nikotini pamoja na ile sukari na harufu iliyofanya jani litafutwe, na kinachobaki ni nyuzi zisizo na ladha yoyote. Kwa Virginia, maji ya vuguvugu mara moja kwa nusu saa yanatosha. Maji yanayochemka yawekee Burley au jani jeusi lenye ukali. Ndugu wa Bremen aangalie pakiti yake imeandikwa nini. Ikiwa ni tumbaku iliyokwisha kutayarishwa kwa shisha, huenda imeoshwa kiwandani, na kuiosha tena ni kuipoteza. Aangalie pia kama mishipa minene ya jani imetolewa. Vijiti hivyo havinywi gliserini, huungua mapema, na vinaweza kuwa ndivyo vilivyosaidia kukwaruza koo.

Baada ya kuosha, kamua, tandaza juu ya kitambaa, na usitie gliserini mpaka jani likunjike bila kuvunjika na bila kulowesha karatasi unapolibana. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, halafu wakalaumu asali.

Tafadhali vaeni glovu. Nikotini hupenya katika ngozi, na wavunaji wanaoshika majani mabichi yenye umande hupata kizunguzungu na kutapika hadi wakalala chini. Yale maji ya kuoshea ni sumu kwelikweli: yamwagwe mara moja, yasibaki katika bakuli ambalo mtoto au paka anaweza kulifikia.

Mfamasia wa Mombasa

Swali la mafuta ya karafuu limepitwa bila kujibiwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Jibu ni hapana, hata tone moja. Mafuta yanayofaa kupaka kwenye jino au kutia katika pilau hayafai kuvutwa kwa pumzi. Ladha yoyote isiyochanganyika na maji kwa sababu ni mafuta au imeyeyushwa katika mafuta haipaswi kuingia katika tumbaku ya kuvuta, maana mafuta yakifika katika mapafu hayatoki kwa urahisi na yanaweza kusababisha nimonia ya aina yake. Chagua ladha ya chakula iliyoyeyushwa katika propilini glaikoli (kiyeyusho cha ladha za chakula) au gliserini, na usome kibandiko chote, si picha ya tunda iliyo mbele. Gliserini nayo iwe ya mimea, ya daraja la dawa au la chakula, ambayo kwa Ulaya huandikwa E422. Ile ya viwandani inayouzwa kwa ndoo iachwe hukohuko.

Jambo la pili ni mkaa. Tumezungumza asali na jani kana kwamba moshi wote unatoka humo, ilhali kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, inatoka zaidi katika mkaa, haina harufu, na maji ya shisha hayaichuji. Kwa hiyo anayeosha tumbaku mara tatu, au hata anayeweka majani ya chai badala ya tumbaku, bado anavuta gesi ileile. Nyinyi mnaovuta pamoja katika sebule ya Bremen wakati wa baridi, madirisha yamefungwa, mko katika hatari ambayo wazee wa buruma, waliokaa barazani, hawakuwa nayo. Mkaa wa vifuu vya nazi uwashwe nje au chini ya feni ya kutoa hewa mpaka uwe mwekundu pande zote. Ule wa kuwashwa kwa kiberiti una kemikali za kuuwasha, na ladha yake mnaivuta. Mtu akishikwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au miguu kulegea, msimpe juisi wala msimlaze hapo ndani. Mtoeni nje na mpige simu 112.

Sitamdanganya mtu kwamba shisha iliyotengenezwa nyumbani ni salama kuliko ya dukani. Kwa kipindi cha saa moja mvutaji anaweza kuvuta ujazo wa moshi unaozidi ule wa sigara moja kwa mara mia, na asali haibadilishi hesabu hiyo.

Kwa wasomaji wa huku nyumbani, kumbukeni kwamba kanuni za Kenya za Desemba 2017 hazikukataza kuvuta na kuuza peke yake, bali hata kutengeneza. Tanzania nayo ilipiga marufuku shisha mwaka 2016. Vipimo vya Mzee wa Ruwi viwe vya wale wanaoishi mahali ambapo sheria inawaruhusu.

Mswahili wa Bremen

Nawashukuru nyote. Ile chupa iliyochacha nimeimwaga, na mafuta ya karafuu nimeyarudisha kwenye sanduku la dawa. Pakiti yangu ni ya Virginia ambayo haijaoshwa, kwa hiyo nimefuata ushauri wa Binti Urambo wa maji ya vuguvugu mara moja, na Mzee wangu asinihesabie kosa. Nilipotandaza majani niliokota vijiti vinene vilivyojaza kiganja, katika gramu 100 tu.

Leo zimetimia wiki tatu. Tumevuta kwenye roshani, makoti mwilini, kila mtu akinung'unika kuhusu baridi, lakini moshi ulikuja mapema, mweupe na laini, na iliki ikasikika mwishoni mwa kila pumzi. Embe lilikuwa dogo kuliko nilivyotaka. Limebaki jambo moja: chini ya chupa asali imeganda ikawa punje kama sukari, na sehemu iliyotoka huko iliungua haraka kuliko ya juu. Niliinunua hapa, ni nyeupe na nzito kama siagi.

Mzee wa Ruwi

Sikuhesabii kosa, mwanangu. Mimi nimezoea jani jeusi, na Binti Urambo amesema kweli kuhusu lile la njano.

Asali yako hiyo ni ya yale maua ya njano yanayojaza mashamba ya Ujerumani kila majira ya kuchipua, ya mmea wa mbegu za mafuta. Ina glukosi nyingi, na kwa hiyo huganda ndani ya wiki chache, tena hugandia chini ambako hukuigeuza. Kalisha chupa katika maji ya nyuzi 50 kwa saa moja, koroga mpaka chini kabisa, nayo itarudi kuwa laini. Safari ijayo nunua ile iliyoandikwa Akazie kwenye chupa, ya rangi ya maji ya dhahabu, ambayo hubaki ikimiminika kwa miezi mingi. Na embe uliongeze hadi mililita 20, lakini ongeza tumbaku na gliserini pia, la sivyo utarudi kule kwenye majimaji.