Posho ya safari: Lubumbashi laki 9, Kigali laki 5. Ipi inamlipa dereva?

Turubai_Jipya
Habari wakuu. Ofa mbili za dereva wa semi, zote kituo ni Dar. Ya kwanza ni Lubumbashi, Kongo, posho laki 9 kwa safari. Ya pili ni Kigali, laki 5. Mshahara wa mwezi ni uleule, laki 4. Kwa macho ya haraka Kongo inashinda, lakini madereva wengi wanaikimbia. Wenye kujua hesabu zake naomba mnifafanulie.

Mpemba_Mizani
Mkuu, posho igawe kwa siku, usiigawe kwa safari wala kwa kilomita. Kigali ni kama kilomita 1,450 kwenda, unapita Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi, unavuka mpaka mmoja tu, Rusumo, wa kuingia Rwanda. Lubumbashi ni kama kilomita 2,000 na mipaka ni miwili: Tunduma–Nakonde wa kuingia Zambia, halafu Kasumbalesa wa kuingia Kongo. Hiyo tofauti ya kilomita siyo inayokula pesa. Kinachokula ni foleni ya Kasumbalesa, ambayo hakuna anayeweza kukuahidi itachukua siku ngapi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo ya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo kwa siku chache, magari yakabaki palepale yalipo.

Chukua namba zako. Tuseme Kigali kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri kupakia, ni siku 14. Laki 5 ukigawa kwa 14 unapata kama 35,700 kwa siku. Sasa laki 9 igawe kwa 35,700: siku 25. Maana yake safari ya Lubumbashi ikiisha ndani ya siku 25, Kongo inakulipa zaidi. Ikipita hapo, kila siku ya foleni inakurudisha chini ya mwenzako wa Kigali. Na hapo bado chakula cha upande wa Kongo, ambacho mara nyingi kinauzwa kwa bei ya dola.

Kabla ya kusaini uliza haya. Gari likisimama mpakani zaidi ya siku zilizopangwa, kuna posho ya kusimama? Tajiri, yaani mwenye gari, mara nyingi humdai mwenye mzigo fidia ya gari kusimama, kwa hiyo si haki dereva aliyelinda mzigo siku zote hizo asione hata shilingi. Pili, laki 9 inabeba nini? Kama pancha, maegesho, walinzi na ushuru wa barabara Zambia vimo humohumo, hiyo siyo posho, ni bajeti ya gari. Tatu, lita za mafuta. Foleni ya kuwasha na kusogea mita chache inachoma dizeli, na kampuni iliyokadiria lita kwa kilomita peke yake itakukata upungufu kwenye mshahara.

Changamwe_Kwetu
Huku Kenya kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: kituo cha kazi kinachoandikwa kwenye barua ya ajira. Agizo la serikali la kima cha chini limegawa nchi kwa maeneo matatu: miji mikuu Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, kisha zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha kwingine kote. Dereva wa magari makubwa ana daraja lake humo. Ili uone pengo, angalia kibarua wa kawaida kwa agizo la Novemba 2024: eneo la kwanza shilingi 16,113.75 kwa mwezi, la mwisho 8,596.45. Viwango hivyo havikuhesabu marupurupu ya nyumba. Kwa hivyo kama unapakia Mombasa kila wiki na barua inasema kituo ni mji mdogo wa mpakani, wasilisha hoja hiyo mapema.

Pia tangu 2018 reli ya SGR hubeba makontena hadi Nairobi, kwa hivyo tripu za Mombasa–Nairobi zimepungua. Ukilinganisha malipo, uliza idadi ya tripu kwa mwezi. Bei ya tripu moja haitoshi.

Laki_Nne
Kwa Tanzania mimi ningeanza na hiyo laki 4. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Posho ya njiani haimo. Ofa yenye msingi wa laki 6 na posho ndogo inaweza kukufaa zaidi ukiugua au ukiachishwa. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo, asilimia 20 kati yako na mwajiri, hakikisha inakatwa kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba.

Turubai_Jipya
Asanteni sana. Faini ya mizani je, anabeba nani?

Mpemba_Mizani
Iandikwe kwenye mkataba. Kichwa chenye ekseli mbili za nyuma na tela la ekseli tatu kikomo ni tani 50: mbele 8, katikati 18, tela 24. Unaweza kuwa na jumla halali na bado ukakamatwa, kwa sababu mzigo umepangwa mbele mno na zile 18 zimezidi. Shaba ya kurudi nayo ndiyo mbaya zaidi, ni nzito na inachukua nafasi ndogo, hivyo isambazwe tela zima. Dai kupima gari palepale linapopakiwa, maana likishapigwa lakiri (seal) huwezi tena kufungua na kuusogeza mzigo ukifika mizani ya Mpemba au Vigwaza.