Ziara ya siku moja Bonde Takatifu la Wainka: wanakijiji wanafaidika au wanatumika?

Mtembezi wa Houston (mleta mada)
Wakuu salaam. Nimetoka Peru, kwenye bonde la Wainka, wale watawala wa kale kabla ya Wahispania. Basi lilituzoa Cusco alfajiri: Chinchero, Moray, mabwawa ya chumvi ya Maras, chakula Urubamba, Ollantaytambo, tukamalizia Pisac giza likinyemelea. Mandhari sina la kusema. Ila pale Chinchero kina mama wamevaa mavazi yao ya asili, wanakuonyesha rangi ya kutia sufu: wanakusagia vidudu vya dungusi kiganjani mpaka kunatoka wekundu wa damu, wanakamulia ndimu rangi inageuka ya machungwa, watu wanapiga makofi, kugeuka hivi, mlango wa duka. Dukani tulikaa kuliko magofuni. Mwongozaji ana fungu lake kwa kila shali inayouzwa, alisema mwenyewe. Tiketi ya serikali kwa mzunguko huo nililipa soles 70, pesa za kule. Nauliza: wale kina mama wanabaki na nini? Sisi wa siku moja tunawajenga au tunawageuza maonyesho?

Kiongozi_Marangu
"Ana fungu lake." Umeandika kama umemfuma mwizi wa kuku. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, kuongoza wageni. Mgeni anambana wakala bei mpaka inabaki mifupa, halafu anashangaa mwongozaji anakula dukani. Bakshishi ulitoa kiasi gani? Anza na hilo.

Mtembezi wa Houston
Nilitoa. Na sikukuuliza wewe.

Kiongozi_Marangu
Umeuliza kazi yangu, umeniuliza mimi.

Bi Mkubwa Tanga
Wanangu, tulizeni mioyo. Mfumaji wa Chinchero hakuanza jana kwa ajili ya kamera. Nguo ile anafuma kwa mtambo aliojifunga kiunoni, na nzuri yake inakula wiki kadhaa. Akiuza, ni jasho lake. Cha kuuliza ni duka la nani: ni lao kwa ushirika, au la mtu wa Cusco aliyewaajiri wakae wapendeze? Tazameni Maras hapo jirani. Mabwawa ni maelfu, yana wenyewe, familia za Maras na Pichingoto, na kiingilio kinaenda kwao, hakimo kwenye hiyo tiketi ya serikali. Hao wameushika mlango.

Msomi wa Ilala
Mnabishania shali wakati uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa Chinchero hapohapo! Kusawazisha ardhi kulianza 2019, wanaakiolojia na wanahistoria wakapiga kelele, kazi ikaendelea. Na msidhani wanakijiji wote walipinga. Wapo waliouza mashamba na wanaungoja kwa hamu, maana uwanja wa Cusco umebanwa katikati ya mji. Huu ukiisha, basi zima la mleta mada litakuwa historia: mgeni atatua juu ya Bonde lenyewe, apige picha, ateremke Machu Picchu, yale magofu maarufu ya Wainka. Pesa itapita wapi? Hapo ndipo pa kujadili.

Jicho la Tatu
Mimi kinachonisumbua ni yale mawe sita ya hekalu la Ollantaytambo. Jiwe moja makumi ya tani, limetoka mlima wa ng'ambo ya mto, hawana gurudumu la kubebea, hawana chuma, hawana farasi. Tuwe wakweli, pale kuna mkono wa viumbe wa nje ya dunia hii.

Binti wa Kilwa
Tumeanza. Mbona makanisa ya Ulaya hayajengwi na viumbe wa nje? Mjerumani Karl Mauch alifika magofu ya Great Zimbabwe 1871, akaona kuta, akasema hii kazi ya Malkia wa Sheba. Ikabidi waje wanaakiolojia, Randall-MacIver 1905 na Caton-Thompson 1929 kusema kitu ambacho kila Mshona angekwambia bure. Sasa na wewe unawafanyia Wainka yaleyale. Machimbo ya Kachiqhata yapo, njia ya kuteremshia mawe ipo, na mengine yamelala njiani mpaka leo, wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Hekalu lenyewe halikumalizika. Hao viumbe wako na wao walitoroka kazini?

Jicho la Tatu
Nani kataja Afrika? Isitoshe hiyo Kilwa unayojiita ilijengwa na Washirazi.

Binti wa Kilwa
Hapo umenigusa pabaya. Jumba la Husuni Kubwa pale Kilwa ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14. Matumbawe ya bahari hii, chokaa ya kuchomwa hapahapa, fundi wa pwani hii. Jina la ukoo si karatasi ya ajira.

Pilipili Manga
"Jina la ukoo si karatasi ya ajira" 😂 nimeiba hiyo.

Msomi wa Ilala
Uwanja wa ndege. Hamjauona?

Pilipili Manga
Mzee, uwanja utajengwa tu. Hivi yule Manco Inka, mfalme wa Wainka aliyewaasi Wahispania, si ndiye alikatwa kichwa na Wahispania hapohapo Ollantaytambo?

Bi Mkubwa Tanga
Wapi! Ollantaytambo Manco alishinda, kwenye ule uasi wa 1536. Alifungulia maji uwandani, farasi wa Hernando Pizarro, kamanda wa Wahispania, wakashindwa kwenda. Baadaye akahamia mafichoni Vilcabamba, wakamuulia huko 1544. Aliyekatwa kichwa ni mwanawe, Túpac Amaru, 1572, mjini Cusco.

Pilipili Manga
Lakini kichwa kilikatwa.

Nesi wa Minnesota
Samahani natoka nje ya mada. Nakwenda mwezi wa sita na nasikia kule kila hoteli inakupa chai ya koka, majani yanayotoa kokeini, kwa ajili ya kizunguzungu cha mwinuko. Kazini kwetu tunapimwa mkojo. Ninywe nisinywe?

Mtembezi wa Houston
Usinywe dada, kipimo kinaweza kuinasa hata kwa kikombe kimoja. Na majani usirudi nayo Marekani, ni marufuku. Ukitua Cusco, mita 3,400, usilale. Teremka siku hiyohiyo ukalale Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ndipo upande polepole. Chinchero iache mwisho, iko zaidi ya 3,700.

Kiongozi_Marangu
3,700 ni kambi ya Horombo tu hiyo, Kilimanjaro. Sisi tunafika na uji.

Binti wa Kilwa
Wanafika wapagazi. Wewe unafika na fimbo.